Vidole Viwili vya Nado

28 Novemba

Tabibu wa zahanati amenipa daftari hili na kipimajoto cha kutundika ukutani. Amesema niandike kila siku vidole vya mume wangu vinapokufa ganzi: baridi ilikuwa kiasi gani, na vilichukua muda gani kurudi. Nikamuuliza kwa nini asiandike mwenye vidole. Akacheka, akasema wanaume wa bonde hili ukiwauliza wanaumwa nini hujibu kuwa hawaumwi, na kwamba akiniachia mimi ataupata ukweli. Basi ukweli ni huu.

Nado ana miaka arobaini na mbili. Kwa miaka kumi na mmoja alikata misonobari kwa msumeno wa injini, na ule mtikisiko umemharibia mkono wa kulia. Kukiwa na baridi, kidole cha shahada na cha kati hugeuka vyeupe mpaka kiungo cha pili, na baada ya hapo hana habari navyo. Ukivichoma sindano hasikii. Nimejaribu, naye alikuwa anaangalia upande mwingine akiongea habari za ng'ombe. Tabibu amemkataza msumeno na kumwambia akae mbali na baridi. Akae mbali na baridi, hapa Gangthar, Desemba ikiwa mlangoni. Tabibu ni mtu wa kusini, tumsamehe.

Leo asubuhi nyuzi nne chini ya sifuri. Vidole viwili, dakika kumi na mbili.

30 Novemba

Hasi tano. Dakika kumi na tano. Alikuwa anapasua kuni.

4 Desemba

Mzee Wangda, nahodha wetu, amerudi kwa mnajimu na majina ya watu kumi na mmoja watakaolenga shabaha dhidi ya Pangrey baada ya Mwaka Mpya wetu, mwezi wa Februari. Nado ni wa nne. Orodha ya mnajimu ikishasomwa haibadilishwi. Ukimtoa mtu, umemtoa na bahati ya wenzake kumi.

Pangrey ndiko nilikozaliwa, mwendo wa saa mbili ng'ambo ya mto. Wametushinda miaka sita mfululizo. Nasema wametushinda kwa sababu nimeolewa hapa mwaka wa kumi na saba sasa, na mimi ndiye ninayewaongoza wanawake wa Gangthar katika vijembe. Mtu wa Pangrey akivuta upinde, sisi pembeni tunamwimbia kila aibu yake tunayoijua, mpaka mkono utikisike. Wanawake wa Pangrey nao wanawafanyia wetu hivyo hivyo. Mwaka jana nilimwimbia mwanamume mmoja habari za mkewe aliyemkimbia, na mshale wake ukaishia kwenye shamba la viazi. Alilia mbele za watu. Nilifurahi siku ile nzima, kisha nikaona haya wiki nzima.

Nado alirudi mtu mwingine. Tangu aache msumeno amekuwa akizunguka humu ndani bila kujua akae wapi. Shamba ni la mama yake, ufumaji wa sufu ni wangu, na yeye hana chake. Leo alisimama mlangoni akasema, "Wa nne, mama."

Mama Kuenga, mkwe wangu, hakuinua macho kwenye sufuria. "Baba yako alikuwa wa kwanza."

Lakini kipande kikubwa cha nyama alimpa yeye. Nado alikula, akaniangalia mimi na daftari hili, akasema kwa sauti ya chini, "Hilo la tabibu liandike. La tabibu tu."

7 Desemba

Hasi sita. Dakika kumi na nane.

Nimeamua kwamba kama lazima asimame kwenye barafu, nitamwandaa. Nimemfumia fulana ya sufu ya kuvaa ndani, yenye mkono mrefu wa kushoto. Wa kulia nimeukata kwenye kiwiko, kwa sababu mkono wa kuvutia unatoka nje ya gho, joho lake la kiume, na kitambaa kikijikunja kwapani kinapotosha mshale. Nimemshonea mkono wa peke yake, wa kuvuta juu na kushusha. Kwenye viatu nimeweka majani makavu ya ngano, maana baridi ya kweli haitoki angani, inapanda kutoka chini. Nimemwambia asimame juu ya kipande cha ubao akisubiri zamu. Akasema wenzake watamcheka. Nikamwambia wacheke wakiwa wamesimama kwenye barafu.

11 Desemba

Hasi saba. Dakika ishirini. Theluji kidogo.

15 Desemba

Upinde wake umepasuka. Aliuegemeza karibu na jiko usiwe baridi mkononi, mwanzi ukakauka ukaachana katikati kwenye kiungo. Sikuweza hata kuuokota, maana mwanamke hagusi upinde, kwa hiyo ulilala sakafuni ukinitazama mpaka aliporudi. Mzee Wangda amemwazima mwingine. Ni mgumu kuuvuta kuliko ule wa kwanza.

19 Desemba

Leo nimeogopa.

Walikuwa wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa chini. Kutoka mahali pa kuvutia upinde hadi kwenye ubao wa shabaha ni hatua mia moja na arobaini, na ubao wenyewe upana wake haufiki kifua cha mtu. Wenzake husimama huko pembeni ya ubao, mkono tu ukiwatenganisha nao, kumwonyesha mlengaji mshale umeanguka wapi. Siku ya mashindano wa timu pinzani husimama hapo hapo, wanacheza mbele ya ubao, wanamtukana mlengaji, halafu wanaruka pembeni mshale ukikaribia. Nimeona hivyo tangu nikiwa mtoto mgongoni. Mshale unaonekana ukija, mtu anaruka, hakuna anayefikiria zaidi.

Nilikuwa nimesimama kando ya Nado na birika la chai ya siagi. Akauvuta ugwe wa upinde, bado analenga, bado uso wake uko kwenye kulenga, na mshale ukaenda. Hakuuachia. Nilimwona usoni: alishtuka kama sisi wengine. Ugwe ulitoka wenyewe kwenye vile vidole viwili naye hakujua. Mshale ukapiga ukuta wa mawe, hatua nane kulia kwa ubao, pale alipokuwa amesimama Mzee Wangda dakika moja kabla, na koti lake likiwa bado limetundikwa.

Wangda akapiga kelele kutoka kule, "Nado, unalipiga koti langu, limekukosea nini?"

"Upepo, nahodha," Nado akajibu.

Hapakuwa na upepo. Moshi wa jiko la Mama Kuenga ulikuwa umesimama wima. Watu walicheka, naye akacheka, akaficha mkono ndani ya gho.

Hasi tisa. Dakika ishirini na sita.

20 Desemba

Nilimwambia asubuhi, "Jana hukuuachia wewe ule mshale."

"Upepo."

"Nado, mimi ndiye mkeo. Usiniletee upepo."

Alikuwa anakanda vidole. Halafu akasema, "Yangdon, msumeno wameninyang'anya. Sawa. Ukininyang'anya na hiki, niambie asubuhi nikiamka niwe nani."

Nilimhurumia sana, na nilimkasirikia sana, vyote kwa pamoja, nikaenda kukalia kitanda changu cha kufumia mpaka mchana.

27 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Wangda bila Nado kujua. Nimemweleza yote: ganzi, ukuta, tabibu. Alikuwa anabandika manyoya kwenye mishale, akaendelea kubandika.

"Mke wa Nado," akasema, "umeniambia nini?"

Nikaanza kurudia. Akainua mkono.

"Hapana. Nakuuliza ili ujibu kuwa hujaniambia kitu. Nina watu kumi na mmoja waliotajwa. Nikimtoa mmoja, kumi waliobaki watalenga wakiwaza bahati iliyokatika. Mtie joto. Wewe ni fundi wa sufu, si ndiyo? Basi mtie joto."

Nilimdhania mkaidi. Leo nimeona ni mwoga, tena wa aina mbaya, yule anayekuomba umsaidie kutojua.

3 Januari

Hasi kumi. Dakika thelathini.

9 Januari

Mama Kuenga amenishinda akili. Miaka yote nimemwona mwanamke wa kuhesabu makosa yangu, kuanzia chumvi hadi namna ninavyofunga mlango. Leo kabla hawajaenda mazoezini alichukua viazi viwili vya moto kutoka kwenye majivu, akavifunga kwa kitambaa, akavitumbukiza kwenye mfuko wa kifuani wa gho ya mwanawe bila neno. Mfuko ule wa gho unabeba bakuli, jibini, hata paka ukitaka. Nado alikaa mkono ndani akishika kiazi mpaka zamu yake, akautoa, akavuta. Mishale sita, yote karibu na ubao, mmoja ukaingia.

Kumbe Mama Kuenga anajua. Nilipomuuliza akaniambia, "Najua nini? Nimempa mwanangu viazi."

Kwa hiyo sasa kuna utaratibu. Viazi viwili vya moto, vinabadilishwa kila raundi tatu. Mafuta ya haradali kwenye vidole alfajiri. Kabla ya zamu azungushe mkono mzima begani mara ishirini, damu ishuke. Chai ya siagi, hapana pombe. Ara yetu ya nafaka inakudanganya kuwa una joto huku ikikupokonya lile ulilo nalo. Wenzake wanamwita Bwana Kiazi. Anavumilia.

Hasi kumi na moja, lakini dakika saba tu. Nililia kwa furaha nikiwa nakoroga.

16 Januari

Nimekwenda Pangrey kumwona kaka yangu Lhendup.

Lhendup ndiye anayechezea ubao kwa upande wao. Watu wanatembea kutoka mabonde mengine kuja kumtazama yeye peke yake. Anasimama mbele kabisa ya shabaha, anageuka, anamwonyesha mlengaji makalio, anajikuna, na anaruka wakati ambao wewe umeshafumba macho. Nado akiwa mlengaji ndipo anapozidisha, kwa kuwa ni shemeji yake, na shemeji asipokutania ujue hakupendi.

Nilimkuta anatengeneza banda. Nilimwambia mwaka huu Nado akiwa na upinde akae pembeni, mbali.

"Kwa nini, amekuwa hodari?" akacheka.

Nikamwambia kwa nini. Akaacha kucheka, akaweka nyundo chini.

"Dada, sikiliza. Nikicheza kwa wote kumi halafu akija shemeji nikakimbilia ukutani, uwanja mzima utauliza. Nitawajibu nini? Kwamba mkono wake umekufa?"

"Jibu chochote. Sema mguu unauma."

"Mimi mguu hauniumi. Shemeji yangu sitamwaibisha. Nitaruka. Lini uliona sijaruka?"

"Unaruka kwa sababu unamwona anaachia. Hatakuwa ameachia yeye, Lhendup. Hutaona."

"Nitaruka," akasema tena, akanipa mfuko wa jibini nimpelekee mama mkwe.

Nimerudi njia nzima nikitukana kwa sauti. Mmoja hataki kuacha kuvuta kwa sababu ya heshima yake, mwingine hataki kusogea kwa sababu ya heshima ya huyo huyo. Wangda hataki kusikia. Na mimi ndiye ninayelala na hesabu ya dakika.

23 Januari

Hasi kumi. Dakika tisa. Viazi vinafanya kazi.

29 Januari

Hasi kumi na tatu. Dakika kumi na moja. Ugwe umemtoka mara moja. Mshale ulikwenda juu. Alisema aliukusudia.

5 Februari

Tumekutana wanawake tisa kuandaa vijembe. Walitaka wimbo kuhusu Lhendup na makalio yake. Nikawapa. Tumecheka mpaka tukashika mbavu, na katikati ya kucheka nikatoka nje kuangalia kipimajoto.

Hasi kumi na mbili. Dakika kumi na nne.

11 Februari

Mwaka Mpya umeingia jana. Leo mchana wanaume kumi na mmoja wamehamia kwenye ghala la nyasi la Wangda. Hawaruhusiwi kulala karibu na wake zao mpaka mashindano yaishe. Nilimpa Nado blanketi tatu za sufu, nikamwambia alale katikati ya wenzake, si ukingoni, na ajifunge mkono wa kulia tumboni. Alinisikiliza kwa utulivu. Mlangoni akasema, "Tukishinda mwaka huu nitaacha. Neno langu."

Nilimwamini. Hata sasa naamini alilisema kwa moyo.

12 Februari

Siku ya kwanza. Hasi tisa asubuhi, jua baadaye. Gangthar seti moja, Pangrey moja. Nado amepiga ubao mara mbili, na vitambaa viwili vya rangi, kimoja kwa kila mshale ulioingia, vinaning'inia kiunoni mwake. Lhendup alicheza kwa wote, karibu sana, na akaruka kwa wote. Mama Kuenga ameoka viazi arobaini.

13 Februari

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi hasi kumi na nne. Hatujawa na asubuhi ya namna hiyo msimu huu. Jua halikutoka. Sakitu ilibaki kwenye nyasi mpaka mchana, na nyugwe za nyuzi za upupu zilikuwa ngumu hata wazee wakazipumulia kwanza kabla ya kuzifunga. Mama Kuenga aliwasha moto wa viazi nyuma ya uwanja, lakini moto na mlengaji viko mbali, na watu wa Pangrey wakaanza kulalamika kwamba Nado analetewa chakula kila dakika kumi, je, anacheza au anakula. Wangda akaona aibu. Akasema viazi basi. Nilisikia kwa masikio yangu: "Viazi basi, tunachekwa."

Tulikuwa tunakwenda sare. Kufikia saa tisa, sisi tulibakiza pointi mbili kushinda, wao moja. Mshale mmoja ndani ya ubao ni pointi mbili, na uliochoma ardhi ubavuni mwake ni moja. Theluji laini ikaanza. Zamu ya Nado, mishale miwili.

Alitoa mkono kwenye gho. Nilikuwa pembeni mwa uwanja, hatua kama ishirini kutoka kwake, na wanawake wangu wanane. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka kiganjani. Si viungo viwili tena. Havikuwa hivyo hata siku moja tangu nianze kuandika. Hakuuzungusha mkono. Nadhani aliogopa kuonekana.

Lhendup alikuwa mbele ya ubao. "Shemeji," akapaza sauti, "nipige hapa, panawasha." Akageuka, akainama. Uwanja ukaangua kicheko.

Nado akavuta. Ugwe ukamtoka kabla hajafika shavuni. Nilimwona akishtuka, kama Desemba. Mshale ulikwenda chini chini, haraka, na kaka yangu alikuwa bado amegeuka. Ulichoma ardhi kati ya miguu yake. Aliuangalia kwanza, halafu ndipo akaruka, amechelewa kabisa, akaung'oa akacheza nao juu ya kichwa. Watu walishangilia ujasiri. Mimi ni dada yake, najua anavyoruka akiuona mshale, na huu hakuuona.

Nikamtazama Wangda. Alikuwa anatazama theluji.

Nado akachukua mshale wa pili. Na Lhendup, Mungu amsamehe na ujinga wake, akarudi pale pale mbele ya ubao, kwa sababu sasa asingeweza kabisa kutorudi.

Mlengaji akiwa wa kwetu, wanawake wa Gangthar hunyamaza. Vijembe ni kazi ya wale wa Pangrey, na walikuwa wakiimba kitu kuhusu viazi. Nikatoka mbele ya mstari wetu. Nilianza kuimba kwa mdundo wetu wa vijembe, ule ule niliomwimbia yule mtu mwaka jana, kwa sauti yangu yote:

Nado mwana wa Kuenga, umeshika nini mkononi?
Vidole vyako viwili vimekufa tangu Novemba.
Mshipi nakufunga mimi, viatu nakufunga mimi,
sindano naichoma nyamani, nawe unasimulia ng'ombe.
Ugwe ukikutoka hujui, ukibaki hujui.
Nani amekudanganya kwamba wewe bado ni mlengaji?

Hakuna aliyeitikia. Wanawake wangu walikuwa wameshika midomo. Wale wa Pangrey walikatisha wimbo wao katikati. Nikauimba mara ya pili, maana alikuwa bado ameinua upinde, na mara ya pili nikataja ukuta na koti la Wangda.

Nado akaangalia mkono wake. Aliuangalia muda mrefu, kama amepewa na mtu amshikie. Kisha akashusha upinde, akautoa mshale kwenye ugwe, akaulaza chini. Hakunitazama. Alitoka uwanjani akipita mbele ya watu wote, akiwa na vile vitambaa viwili kiunoni.

Mtu wa Pangrey aliyefuata alipata pointi moja iliyobaki. Mwaka wa saba.

14 Februari

Hakuna aliyepita kwetu leo. Wangda amemtuma mtu kusema kwamba wanawake watamchagua kiongozi mwingine wa vijembe.

Watu wanasema mshale ule wa pili ungeingia. Wanasema wa kwanza ni wa kupima, wa pili ndio wenyewe. Huenda. Sitajua kamwe, na hilo ndilo watakalonikumbushia mpaka nizeeke.

15 Februari

Lhendup alikuja, hakukaa. Alisema, "Umemvua nguo shemeji yangu mchana kweupe."

"Uko hai," nikamwambia.

"Ningeruka."

"Hukuruka, Lhendup. Uliruka mshale ukiwa ardhini."

Akaondoka bila chai.

Nado analala upande wa pili wa jiko. Hasemi nami.

18 Februari

Hasi nane. Sijui dakika. Hanionyeshi mkono.

21 Februari

Nilikuwa nafuma, Mama Kuenga akaja akakaa nyuma yangu. Nilijiandaa kusikia kosa lingine. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi sikuthubutu. Nilioka viazi." Akakaa hapo kidogo, akisokota sufu, halafu akaenda kuwaangalia ng'ombe.

27 Februari

Hasi tatu. Theluji inayeyuka kwenye paa.

2 Machi

Leo Nado amezungumza.

Alikuja akakaa karibu na kitanda cha kufumia, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa nimeshajiandalia majibu wiki mbili nzima: kwamba kiburi kilimfumba macho, kwamba hakujua hatari aliyokuwa anaileta, kwamba ilibidi mtu mmoja aone kwa niaba yake.

Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mshale wa kwanza ulipotoka nilijua. Wa pili nilipouweka, nilikuwa sina habari na ugwe kabisa, upo au haupo. Nilimwona Lhendup pale mbele. Nikajiambia, ataruka. Daima anaruka. Nikajiambia hivyo mara mbili."

Nikaacha kufuma.

"Ulimwona kaka yangu," nikasema, "na ulikuwa unavuta."

"Nilikuwa navuta."

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Nami sikumshika. Miezi mitatu nimeandika humu kwamba namlinda mtu asiyejijua, nikamhurumia, nikamfumia, kumbe pale mwisho alijua kama mimi nilivyojua, na alikuwa tayari kuuweka rehani uhai wa Lhendup kwa ajili ya kipande cha ubao. Nilikuwa na hasira iliyonitoa jasho. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kwamba angeweza kunyamaza maisha yake yote na kuniacha niwe mwenye kosa, na hakunyamaza.

Akauliza, "Utamwambia?"

"Nani, mimi? Nimeshawasemea watu vya kutosha mwaka huu. Nenda kamwambie mwenyewe."

Kisha akasimama, akavaa viatu, akajifunga mshipi wa gho mwenyewe, vibaya, akajifunga tena. Pangrey ni saa mbili, na daraja bado lina barafu upande wa kivulini. Sikumsindikiza. Alikuwa ameshafika kwenye lango la ng'ombe nilipoona glavu zake juu ya jiko.

"Nado," nikamwita. "Mikono yako."

Akarudi, akazichukua kutoka mkononi mwangu, akazivaa moja moja huku nikimtazama, akaenda.